Saa ya Rubani Niliyoiita Mbaya

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini hata sasa ninapohitaji miwani kusoma barua. Ilikuwa wakati wa mavuno, mahindi yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani kama watu wanaoteta, nami nilikuwa nimeketi katika boma moja huko Tongaren, mbele ya wazee sita, nikiwa na saa mbili mkononi na maneno mengi kuliko akili.

Nitakueleza kwa utaratibu, ili uone mwenyewe mahali nilipokanyaga pabaya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kwetu ni Bungoma, lakini kazi yangu ilikuwa Kitale, katika kibanda cha Mzee Ndiwa, fundi wa saa aliyeteremka kutoka mlimani Elgon akiwa kijana na ambaye tangu hapo alirudi huko kupanda viazi tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Wakati huo nilikuwa nimeshapata meza yangu mwenyewe, lenzi yangu ya kuvaa jichoni, na wateja wanaofika mlangoni wakiuliza, "Yule fundi mama yuko?" Sifa, mwanangu, ni kama pombe ya busaa. Ukiwa umeketi huihisi. Ukisimama ndipo unajua imekufikia wapi.

Habari ilitufikia kwamba familia ya marehemu Kapteni Sitati inahitaji fundi wa kutazama saa zake mbili. Kapteni Sitati tulimjua sote. Alikuwa rubani wa ndege ndogo zilizotoka uwanja wa Kitale kupeleka madaktari na dawa kule kaskazini, Turkana. Watu wa Tongaren wakisikia mngurumo juu ya mashamba yao walisema, "Sitati huyo anapita," nao watoto walikimbia nje kupunga mikono hata kama hakuwa yeye. Aliugua, akafia kitandani kwake, akazikwa kwa heshima. Sasa wazee walikuwa wamekutana kugawa vitu vyake.

Mzee Ndiwa angekwenda mwenyewe, ila mguu ulikuwa umemvimba. Akanituma mimi.

"Ziangalie, uniletee habari," aliniambia. "Usitoe hukumu huko. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Nilisikia kwa masikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mguu wangu ulikuwa mzima nilipoondoka, na mtu mwenye mguu mzima hafikirii methali.

Nilipofika nilikaribishwa kiti, na mzee mmoja asiyeona vizuri akauliza, "Sasa fundi yuko wapi?"

"Ni huyu hapa."

"Huyu? Si huyu ni msichana?"

"Ni msichana, lakini ni fundi wa Kitale."

"Basi aketi," mzee akasema. "Hata jogoo alitoka kwa yai la kuku."

Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nikasema: leo mtanijua. Mwanangu, ukijisikia ukisema hivyo moyoni, funga mdomo. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Khisa, kaka mkubwa wa marehemu. Akanieleza shauri lenyewe. Kwa desturi ya boma lile, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua kilicho bora kati ya vitu ambavyo baba alikuwa akivaa: koti lake zuri, kofia yake, saa yake. Kinachobaki huombwa na wengine. Kwa koti na kofia hapakuwa na neno. Kwa saa palikuwa na neno, kwa sababu zilikuwa mbili, na hakuna aliyejua ipi ni bora.

Mtoto wa kwanza aliitwa Makokha, mfanyabiashara wa mahindi Moi's Bridge, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita magari. "Mimi nataka kujua tu ya maana ni gani, bana," alisema. "Nisivae kitu nikachekwa sokoni."

Mtoto wa mwisho aliitwa Nasimiyu. Alikuwa akisomea uuguzi, mwembamba, ameketi karibu na mama yake juu ya mkeka. Alisema sentensi mbili tu. "Mimi sitaki ile ya dhahabu. Naomba tu ile Papa alikuwa anavaa kazini."

"Utaipata kama siyo iliyo bora," Mzee Khisa akamjibu kwa upole. "Ngoja fundi aseme."

Basi unaona kilichokuwa mezani, mwanangu. Neno langu ndilo lingeamua kama msichana yule atabaki na saa ya baba yake au ataikosa. Na mimi nililichukua neno hilo kama mtu anayechukua karanga kwenye sahani.

Saa ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya rangi ya dhahabu, inang'aa kama kijiko cha harusi. Ya pili ilikuwa kubwa mno, ya rangi ya kijivu kama bati la zamani. Uso wake ulikuwa mweusi, tarakimu zake nyeupe na nene. Palipostahili kuwa na kumi na mbili hapakuwa na tarakimu: palikuwa na pembetatu yenye nukta mbili, moja kila upande. Kile kichwa cha pembeni cha kuitilia ufunguo kilikuwa kikubwa kama kitunguu kidogo. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa mrefu kiasi kwamba ungeweza kunizunguka mkono mara mbili. Tena ilikuwa imesimama.

Niliitazama kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha nikaanza kuhesabu makosa yake kwa vidole, kwa sauti, mbele ya watu. Nikasema ni kubwa kupita kiasi, saa ya mkono haipaswi kufanana na saa ya ukutani. Nikasema aliyeitengeneza aliishiwa tarakimu akaweka pembetatu. Nikasema kichwa chake kimevimba, mkanda wake ulikatwa na mtu asiyejua kupima, na kwamba hata hakuhangaika kuing'arisha. Watu walianza kucheka, na kicheko cha watu kikanisukuma. Nikamalizia kwa methali: "Kizuri chajiuza, wazee wangu, kibaya chajitembeza. Hii ya dhahabu imejiuza yenyewe."

"Hapo sasa!" akasema Makokha, na ile ya dhahabu ikaingia mkononi mwake kabla sijafunga mdomo.

Nasimiyu akasogea. Aliipokea ile ya kijivu kwa mikono miwili, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kisha akaniomba niende nayo Kitale nikaitengeneze, maana ilikuwa imesimama. Mzee Khisa akasema wiki ijayo niirudishe, kikao kifungwe. Niliondoka Tongaren nimepewa kuku na sifa.

Jumatatu asubuhi nilimsimulia Mzee Ndiwa yote, bila kuacha hata kicheko kimoja. Alisikiliza huku mguu wake ukiwa juu ya debe. Nami nikaona nianze kuisaidia ile saa mbaya. Ujue desturi ya Kitale wakati huo: saa ikitoka kwa fundi bila kung'aa, mwenyewe alisema hujaigusa. Kwa hiyo kila fundi alimaliza kazi kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia. Mimi nilianza na kitambaa. Nilikuwa nimeshachovya, nakaribia kuugusa mgongo wa ile saa, Mzee Ndiwa aliponishika mkono. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye ndiyo mara pekee aliyonishika hivyo.

"Weka kitambaa chini."

"Naing'arisha tu, mzee. Watu wanapenda."

"Mwenye saa hii, akiwa kazini, alikuwa anaangalia wapi?"

"Kwa saa."

"Hapana. Alikuwa anaangalia mbele, kwa ndege. Saa aliipa nusu ya jicho. Jua likipiga chuma kinachong'aa, linampiga yeye machoni, na ndege ina watu. Aliyeitengeneza aliinyima kung'aa makusudi. Wewe unataka kumsahihisha?"

Akaichukua, akavaa lenzi, akafungua mgongo wake taratibu. Ndani palikuwa na kifuniko cha pili, cha chuma laini, ambacho sikuwa nimewahi kukiona katika saa nyingine. Akaniambia vyombo vya ndege vina sumaku, na sumaku huilevya saa hadi isijue saa ngapi, ndiyo maana imevalishwa koti la ndani. Akakiondoa. Kisha akanipa lenzi.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Vyuma vyote vilikuwa vimechorwa mistari myembamba iliyolingana kama shamba lililolimwa na mtu mwenye subira. Kila ukingo ulikuwa umelainishwa. Misumari midogo ya parafujo ilikuwa ya buluu, buluu ya shingo ya tausi. Yote hayo yalikuwa chini ya vifuniko viwili, mahali ambapo mwenye saa hawezi kuona maisha yake yote.

"Nani anaona hii?" niliuliza.

"Fundi," alisema Mzee Ndiwa. "Na Mungu. Saa kama hii haiji Kitale mara mbili katika maisha ya fundi. Hii ni ya gharama ya kutisha, msichana, ila gharama yake haikuwekwa nje kutafuta wapita njia. Na ile ya dhahabu uliifungua?"

Sikuwa nimeifungua.

"Basi ile umeisifu kwa ngozi, na hii umeitukana kwa ngozi. Ile methali uliyowapa wazee ni ya sokoni. Inafaa nyanya."

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alichukua fimbo yake, akanivalisha glavu nene za jirani yetu mchomelea vyuma na koti lake mwenyewe la baridi, akanipeleka mlango wa tatu kutoka kwetu, kwenye kinu cha kusagia unga. Unakijua kinu kinapofanya kazi: sakafu inatetemeka, meno yanagongana, unga umejaa hewani, na ndani ni giza kwa mtu aliyetoka juani. Alinifunga saa yangu mwenyewe, nyembamba na nzuri, juu ya mkono wa koti. Mkanda haukufika. Ikabidi aishikilie kwa uzi.

"Shika mashine. Nikisema soma, soma mara moja, urudishe macho mbele."

Vijana wa kinu waliacha magunia wakaja kuona. "Fundi, leo unasaga nini?" mmoja akapaza sauti. "Dakika ama masaa?"

"Soma!"

Nilitazama saa yangu. Mishale yake ilikuwa myembamba kama unywele, na mtetemo uliifanya kuwa minne. Nikasema saa tatu na nusu. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nane. Vijana walicheka hadi wakakohoa unga.

Kisha akanifunga ile ya kijivu, ambayo alikuwa ameitia ufunguo na kuirekebisha. Mkanda ule niliosema umekatwa na asiyejua kupima ukazunguka mkono wa koti na kufunga sawasawa. "Soma!" Nikainua jicho. Ile pembetatu ilikuwa juu, inaonekana hata kabla sijajua naitafuta, ikaniambia juu ni wapi. Mishale miwili minene ikanipa jibu. "Saa tatu na ishirini na mbili." Akaniambia niizungushe mbele dakika tano, na glavu mkononi. Kile kichwa kilichovimba kilikaa kati ya vidole vyangu vinene kama kilichozaliwa kwa ajili ya glavu. Hapo nikaelewa. Kila nilichokuwa nimekihesabu kuwa kosa kilikuwa jibu la swali ambalo mimi sikuuliza.

Tulirudi kibandani tukiwa weupe kama mizimu. Nikavua glavu na lile koti. Mzee Ndiwa akajipangusa unga kwenye nyusi, akauliza, "Sasa lile neno lako, liko wapi?"

"Neno gani?"

"Ulilowaambia wale wazee."

Hapo ndipo nilipoona shimo lote. Nikamweleza kwamba nikirudi kusema kweli, Makokha ataichukua saa, na yule msichana atabaki mikono mitupu. Nikamwambia kosa langu limemfaa mtu. Si afadhali ninyamaze?

Aliurudisha mguu wake juu ya debe. Mzee Ndiwa hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Ukinyamaza," alisema mwishowe, "umempa msichana kitu cha wizi, na yeye hajaiba. Siku moja mgeni mwenye macho ataiona mkononi mwake, amwambie kaka yake inagharimu nini. Huyo kaka hatasema fundi alikosea. Atasema dada yangu alinizunguka, Papa akiwa hata hajapoa kaburini. Unataka kuwaachia hiyo?"

Sikutaka. Lakini pia sikutaka kwenda. Wiki ile niliifanyia saa kila kitu nilichokijua: nikaiosha ndani, nikaitia mafuta, nikaipima siku tano. Haikupoteza hata nusu dakika. Nje sikuigusa.

Jumamosi nilipokaribia boma, Nasimiyu alikuwa ananingoja kwenye lango. Niliona nimwambie kwanza, ili asiumizwe mbele za watu.

"Dada Nasimiyu, nilisema uongo juu ya saa yako. Si uongo wa kukusudia, lakini haikuwa kweli. Hii ndiyo bora."

Alitazama chini. "Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Papa alinionyesha yote. Ukiwa unaitukana nilikuwa naomba Mungu uendelee." Kisha machozi yakaanza kumtoka. "Tangu siku hiyo nikimwona Makokha siwezi kumwangalia. Ananiita nikule, nakataa. Sema tu, dada. Sema, iishe."

Nikasema. Nilisimama mbele ya wazee walewale sita, nikawaambia kwamba wiki iliyopita nilizungumza kabla ya kujua, na kwamba niliagizwa nisihukumu nikahukumu. Nilivirudia vile vidole vyangu kimoja kimoja, safari hii nikieleza kila kitu ni cha kazi gani. Wakati huu hakuna aliyecheka. Yule mzee asiyeona vizuri aliomba aishike saa, akakipapasa kile kichwa chake, akasema polepole, "Kumbe hata mimi naweza kuitumia."

Mzee Khisa akauliza, "Kwa hivyo unasema iliyo bora ni hii?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ni yangu," akasema Makokha. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jina lake akiitwa. Akaivua ile ya dhahabu, akaiweka mbele ya dada yake, akanyoosha mkono. Nasimiyu akampa ile ya kijivu. Alimpa kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukiushikilia kwa heshima, akasema, "Kaka, nilijua na nikanyamaza. Unisamehe."

Makokha alibaki na mdomo wazi. "Ulijua? Papa alikuambia lini?"

"Jumamosi moja, kabla hajaugua. Tulikuwa tunaosha vioo vya ndege. Wewe ulikuwa soko."

Makokha akaifunga saa mkononi. Kikao kikafungwa hivyo, nami nikarudi Kitale bila kuku.

Nataka nikuambie kweli, mwanangu: safari hiyo sikujisikia mtu mwema. Nilijisikia mtu aliyemvua yatima nguo kwa jina la ukweli. Nilimkasirikia hata Mzee Ndiwa. Wiki tatu nilifanya kazi bila kuzungumza naye zaidi ya salamu, naye hakunibembeleza.

Wiki ya nne Makokha aliingia kibandani. Alikuwa amekuja na lori la mahindi, jasho linamtoka. Akaiweka ile saa mezani kwangu.

"Hii kitu yako imeharibika. Inasimama kila siku."

Niliitazama kwa lenzi. Ilikuwa nzima kama maji. "Unaitia ufunguo?"

"Ufunguo gani?"

"Hiki kichwa. Unakizungusha kila siku, asubuhi, saa ileile. Haitumii betri. Inakula mkono wako."

"Kila siku? Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Aliketi juu ya kigoda cha wateja, kikalia. Akakijaribu kile kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili. "Sasa nimeelewa kitu," alisema baadaye. "Nikiwa mdogo, asubuhi kabla ya chai, Papa alikuwa anasimama kwa dirisha anazungusha kitu mkononi. Nilidhani anaomba." Akaigeuza saa, akaitazama. "Mimi nikiivua naiweka kwa dashibodi naisahau. Nitaiua. Huyo msichana hawezi kusahau." Akaisukuma kwangu. "Mpelekee. Usimwambie nimeleta mwenyewe, ataanza kulia. Mwambie nimetuma."

"Na ile ya dhahabu?"

"Hiyo arudishe, bana. Inatumia betri, haina maneno."

Alipotoka, Mzee Ndiwa, ambaye alikuwa amejifanya amelala, akafungua jicho moja, akarudi kulifunga. Hilo ndilo neno lote alilosema juu ya jambo hilo hadi alipokufa.

Nilimpelekea Nasimiyu saa yake, nami nikalivunja agizo la Makokha, nikamwambia ililetwa na nani na jinsi gani. Alilia, kama kaka yake alivyobashiri. Kisha akaivaa juu ya mkono wa sweta, maana mkono wake mwenyewe ulikuwa mwembamba mno, akakivuta kile kichwa nje hadi mshale wa sekunde ukasimama, akangoja redio itangaze saa, akakirudisha ndani palepale. Leo ni muuguzi mwenye mvi katika mji wa Bungoma, na wagonjwa wake wamehesabiwa mapigo ya moyo kwa saa niliyowachekesha watu nayo. Makokha, Mungu amrehemu, alikuwa akipita hospitalini kila alipoleta mahindi upande huo, anasimama mlangoni mwa wodi anapaza sauti, "Sista, saa ngapi?" naye anamsomea, mbele ya wagonjwa, hata kama ukutani kuna saa.

Sasa nikupe nililolipata, mwanangu, ulichukue bila kuvunjika guu kama mimi.

Siku hizi mnahukumu kwa kidole. Picha inapita kwenye simu, mnasema nzuri, mbaya, inayofuata. Sikukatazi kuwa na jicho. Jicho ni zawadi, nami limenilisha. Lakini kabla hujasema kitu kimetengenezwa vibaya, uliza kilitengenezwa kufanya kazi gani, mikononi mwa nani, mahali gani. Ukikuta sehemu inayokuudhi, ile iliyozidi ukubwa au iliyonyimwa urembo, simama hapo kwa muda mrefu zaidi kuliko penginepo, kwa maana huenda ndipo fundi alipofikiri sana. Kifungue, au umtafute anayeweza kukifungua. Kishike mahali kinapofanya kazi, usikihukumu mezani. Na vitu vya fahari visikutishe wala visikulaghai: fahari iliyo ya kweli mara nyingi imefunikwa, na iliyo nje mara nyingi imeishia nje. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo ndiyo iliyonifaa siku ile, nami nilibeba nyingine.

Na hili ni kubwa kuliko lile la saa. Ukishakosea mbele za watu, rudi mbele za watu walewale. Usijifiche nyuma ya faida iliyopatikana kwa kosa lako, hata kama faida hiyo imemwangukia unayempenda. Ukweli unaweza kumnyima mtu kitu leo, na moyo wako ukauma, nawe usijue utamrudishia lini na kwa mkono wa nani. Hiyo si kazi yako. Kazi yako ni kusema.

Namshukuru Mzee Ndiwa kwa kunishika mkono, na kwa kunyamaza wiki tatu nilipomkasirikia. Nawashukuru vijana wa kinu walionicheka, kwa maana somo lililochekwa halisahauliki. Namshukuru Nasimiyu aliyeniambia niseme, akijua litamgharimu nini. Nimeishi kwa kukopeshwa subira na watu wengi, nami sina njia ya kuirudisha ila kukupa wewe.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe jicho lisilo na haraka na ulimi unaoweza kurudi ulikotoka. Akukutanishe na wakubwa wasioogopa kukushika mkono, na siku utakapokuwa mkubwa wewe, akupe nguvu ya kumshika mwingine kwa upole. Kazi ya mikono yako iwe safi hata pale pasipoonwa na mtu, na nyumba yako isikose watu wa kuulizana hali. Amina.